Makanisa ya kale ya Nyanda za Juu Kusini yapimwe kabla hayajaungua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nieleze jambo ambalo nimekuwa nikilifikiria tangu Kanisa Kuu la Notre-Dame la Paris lilipofunguliwa tena mwezi Desemba 2024, zaidi ya miaka mitano baada ya paa lake kuteketea kwa moto. Wasomaji wengi waliona picha za sherehe ile, wakuu wa nchi wakiwa wameketi ndani ya kanisa lililosafishwa hadi mawe yake yakawa meupe. Hapa Iringa nilisikia waumini wenzangu wakisema, tulipokuwa tukitoka misa, kwamba hayo ni mambo ya nchi zenye fedha na kwamba sisi hayatuhusu. Ni kweli kwamba fedha zilikuwapo. Hata hivyo mimi ni mwalimu mstaafu wa useremala, na nilipofuatilia habari za ukarabati ule hatua kwa hatua niliona kwamba fedha peke yake zisingelirudisha paa lile. Paa lilirudi kwa sababu kuna watu waliokuwa wamelipima kabla halijaungua. Makanisa yetu ya kimisheni, yaliyoanza kujengwa katika nyanda hizi tangu miaka ya 1890, yanastahili kufanyiwa hivyo sasa, yakiwa bado yamesimama.

Moto wa Paris ulianza jioni ya tarehe 15 Aprili 2019, Jumatatu ya Juma Kuu, wakati kanisa likiwa katika matengenezo na jukwaa la chuma likiwa limezunguka ule mnara mrefu wenye ncha uliojengwa katika karne ya 19 na msanifu Eugène Viollet-le-Duc. King'ora cha kwanza kililia saa 12:20 jioni kwa saa za huko. Mlinzi aliyetumwa kuangalia alikwenda kwenye dari ya sakristia badala ya dari ya kanisa lenyewe, akakuta pako salama, na mpaka kosa hilo lilipogundulika ilikuwa imepita karibu nusu saa. Kikosi cha zimamoto kiliitwa saa 12:51, na kwa wakati huo moto ulikuwa umekwisha kushika kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, za mwaloni, mti mgumu wa Ulaya, nyingi zikiwa za karne ya 12 na ya 13, zilizosongamana kiasi kwamba watu wa pale waliziita msitu. Muda mfupi kabla ya saa 2:00 usiku mnara ule ulianguka na kutoboa dari ya mawe. Minara miwili ya mbele ilipona kwa sababu askari wa zimamoto waliingia ndani ya mnara wa kaskazini, ambamo moto ulikuwa umeanza kugusa fremu za mbao zinazobeba kengele. Fremu hizo zingeungua, kengele zingeanguka, na uzito wake ungeangusha minara yote miwili. Chanzo cha moto hakikuthibitishwa mpaka leo. Wapelelezi walitaja uwezekano wa hitilafu ya umeme au wa sigara ambayo haikuzimwa vizuri, na hawakupata ushahidi kwamba kuna mtu aliyeuwasha kwa makusudi.

Wengi hatukufahamu kwamba baada ya moto kuzimwa, miaka miwili na ushei ilipita kabla ya kujengwa upya kitu chochote. Kuta zilikuwa zimepoteza paa lililokuwa likizishika, matao ya nje yalihitaji kuegemezwa kwa fremu za mbao, na lile jukwaa la chuma, lenye mabomba yapatayo 40,000, lilikuwa limeyeyuka na kushikamana, hivyo likakatwa kipande kimoja kimoja na mafundi walioning'inia kwa kamba. Vumbi la madini ya risasi yaliyoezekea paa lilienea kila mahali, na kazi ikasimamishwa kwa muda ili kuwalinda wafanyakazi. Takriban yuro milioni 150 ziliishia katika hatua hiyo ya kulizuia jengo lisianguke. Michango yote ilifikia kama yuro milioni 846, kutoka kwa watu na taasisi zipatazo 340,000 katika nchi 150 hivi.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa zaidi. Mwaka 2014, miaka mitano kabla ya moto, wasanifu majengo wawili, Rémi Fromont na Cédric Trentesaux, walipanda kwenye dari ile na kupima kenchi zote, boriti kwa boriti na kiungo kwa kiungo, wakazichora. Kabla yao, kuanzia mwaka 2010, mwanahistoria wa sanaa kutoka Marekani aitwaye Andrew Tallon alikuwa ameingia na chombo cha kupimia kwa mionzi ya leza, akapata zaidi ya nukta bilioni moja zinazoonyesha kila ukuta, tao na nguzo vilipo. Tallon alifariki Novemba 2018, miezi mitano kabla ya moto. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akijiandaa kwa janga. Walifanya kazi ya kitaaluma, na nadhani wapo walioiona kuwa ni ya kujifurahisha tu. Paa lilipokwisha kuwa majivu, vipimo vyao ndivyo vilivyobaki, na Fromont mwenyewe akawa miongoni mwa wasanifu waliosimamia ukarabati pamoja na msanifu mkuu, Philippe Villeneuve.

Kulikuwa na mjadala mkali juu ya namna ya kujenga. Wengine walipendekeza paa la vioo, wengine bustani juu ya kanisa, wengine mnara wa mtindo wa kisasa. Julai 2020 uamuzi ulitolewa kwamba kila kitu kirudishwe kama kilivyokuwa, kwa mwaloni na kwa madini ya risasi. Mwezi huohuo mafundi seremala wa kujitolea wa chama kiitwacho Charpentiers sans Frontières walichukua michoro ya mwaka 2014, wakaichonga kwa mikono kenchi moja iliyopewa namba 7, na Septemba wakaipandisha kwa kamba na winchi za mbao mbele ya kanisa, hadharani. Naliona tendo hilo kuwa kubwa kuliko sherehe ya ufunguzi. Wapo wataalamu waliokuwa wamesema kwamba ufundi ule umekwisha kufa na kwamba mwaloni wa kutosha hauwezi kupatikana. Kenchi ile moja iliwajibu. Kisha ilikatwa mialoni ipatayo 2,000 kutoka misitu ya Ufaransa, na boriti za sehemu kubwa ya paa zikachongwa kwa shoka.

Nitaomba uvumilivu wa wasomaji wasio mafundi nieleze kwa nini shoka. Mbao iliyopasuliwa kwa mashine hukatwa katika mstari ulionyooka, na kwa kuwa mti haukui kwa rula, msumeno hukatiza nyuzi za mti popote zinapopinda. Kila nyuzi iliyokatizwa ni mahali ambapo boriti inaweza kuanza kupasuka. Fundi anayechonga kwa shoka huufuata mti ulivyo, nyuzi zikabaki nzima kutoka ncha hadi ncha, na boriti ikabeba mzigo zaidi hata kama haikunyooka. Tena walichonga mwaloni ukiwa mbichi, kama walivyofanya wazee wao, wakijua kwamba ungekauka na kujikaza ukiwa tayari umefungwa katika kenchi. Maarifa ya namna hiyo hayaandikiki yote katika kitabu. Yanapatikana kwa kuitazama kenchi ya zamani na kuuliza aliyeitengeneza alikusudia nini, na hapo ndipo vipimo na fundi vinapohitajiana.

Turudi nyumbani. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa misheni ya Berlin wakaingia nchi ya Wanyakyusa mwaka huohuo. Wabenediktini walikuja Tosamaganga kabla karne ya 19 haijaisha, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wakonsolata kutoka Italia wakaendeleza kazi hapo, hata kanisa la Tosamaganga likawa kanisa kuu kabla ya makao ya jimbo kuhamia Iringa mjini. Jirani zetu wa Peramiho wanajua kuliko sisi maana ya kanisa kuungua, kwa kuwa misheni yao ilichomwa mwaka 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji na ikalazimika kujengwa upya. Katika makanisa haya yote babu zetu walifyatua na kuchoma matofali, walichonga mawe, walipasua mbao kwa msumeno wa watu wawili, mmoja akiwa juu ya gogo na mwenzake shimoni. Anayesema kwamba majengo haya ni ya Wazungu hajafikiria ni mikono ya nani iliyoyabeba hadi juu.

Wapo watakaosema kwamba serikali inayalinda. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayatambua moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kanisa la miaka ya 1890, au la miaka ya 1930, haliingii humo mpaka litangazwe rasmi na waziri. Maana yake ni kwamba karibu urithi wetu wote wa kimisheni katika nyanda hizi uko nje ya kinga ya moja kwa moja, na unabaki mikononi mwa kamati za parokia, sharika na shirika, ambazo mara nyingi zina moyo mwema na hazina mshauri.

Nimeona matokeo yake kwa macho yangu. Katika parokia moja ambayo sitaitaja, kenchi za zamani zilizofungwa kwa maungo ya ulimi na tundu na kukazwa kwa vigingi vya mbao, bila misumari ila michache, zilishushwa kwa sababu mabati yalikuwa yakivuja. Mbao zenyewe zilikuwa nzima. Zilikatwa vipande zikapelekwa jikoni kupikia chakula cha mkutano, na mahali pake zikawekwa kenchi za paini mbichi zilizopigiliwa misumari, ambazo baada ya misimu michache ya mvua zilianza kupinda. Hakuna aliyezipima zile za kwanza, wala aliyezipiga picha. Siilaumu kamati ile kwa nia yake, kwa kuwa walitaka waumini wasilowe. Nasikitika kwamba leo kijana anayetaka kujua zilivyofungwa hana pa kwenda kutazama, na jengo lile halikuhitaji moto ili lipoteze paa lake.

Tunao pia mfano wa Kiafrika. Makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Kampala, yaliyokuwa yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, yaliteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Nyumba ile kubwa ya nyasi ilichukua zaidi ya miaka kumi kurudishwa, na ni mwaka 2023 tu ndipo Kasubi ilipoondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Pale ujuzi wa kuezeka ulikuwa ndani ya ukoo, ukoo wa Ngeye, ambao ndio wenye haki na wajibu wa kuezeka nyumba ile, na wazee wake waliwafundisha vijana wakati kazi ikiendelea. Buganda walikuwa na watu wanaokumbuka. Sisi katika makanisa yetu tulikuwa nao pia, mafundi waliofunzwa katika karakana za misheni, na wengi tumekwisha kuwazika.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki. Zahanati zinakosa dawa, na watoto wanakaa wanne katika dawati moja. Kwa nini tutumie fedha kwa matofali ya zamani? Hata Ufaransa swali hilo liliulizwa kwa hasira pale matajiri walipoahidi mamilioni ndani ya siku mbili. Jibu langu ni kwamba ninachokiomba hakigharimu hata sehemu ndogo ya harambee moja ya kununua vyombo vya muziki vya kwaya. Hatuhitaji leza. Tunahitaji futi kamba ndefu, timazi, ngazi imara, karatasi, simu yenye kamera nzuri, na kijana mwenye subira ambaye atapanda darini pamoja na fundi mzee. Achore kenchi moja ya kila aina, aandike unene na upana wa kila boriti, umbali kati ya kenchi na kenchi, aina ya mti, na namna kila kiungo kilivyofungwa. Apime kimo cha kuta, mpindo wa matao, ukubwa wa madirisha, hata saizi ya tofali na unene wa chokaa iliyolishika, maana vipimo vya matofali ya zamani havilingani na vya leo, na ukuta wa kale ulioungwa kwa saruji ngumu badala ya chokaa hupasuka mahali pasipotarajiwa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kinafundisha usanifu majengo. Sioni kwa nini wanafunzi wake wasipewe kanisa moja kila mwaka kama kazi ya masomo, na vijana wa VETA wa Iringa na Mbeya wakaambatana nao. Boma la Iringa la enzi za Wajerumani limekwisha kukarabatiwa likawa makumbusho, kwa hiyo hata mahali pa kutunzia na kuonyeshea michoro hiyo papo.

Tena ipo michoro ambayo huenda ilikwisha kuchorwa. Wamisionari walikuwa watu wa kuandika, na waliwapelekea wakuu wao barua, ramani na picha. Huko Ujerumani, nyaraka za Wamoravian zinatunzwa Herrnhut, za misheni ya Berlin ziko Berlin, za Wabenediktini ziko Sankt Ottilien, na Wakonsolata wanazo Italia. Maaskofu na wachungaji wetu husafiri kwenda huko kila mwaka kwa ajili ya urafiki wa majimbo na dayosisi. Ombi la nakala ya picha na michoro ya kanisa fulani ni dogo sana kuliko maombi ya magari na visima tuliyozoea kupeleka, na sidhani kama kuna mwenyeji atakayelikataa. Nakala zikija zisiwekwe ofisi ya parokia pekee, kando ya vitabu vya ubatizo, ambako moto mmoja utachukua kanisa na kumbukumbu zake kwa pamoja. Nakala moja ikae jimboni, nyingine chuoni.

Kuhusu kuzuia moto wenyewe nitasema machache, kwa kuwa wapo wanaolijua hilo kuliko mimi. Sisi wa kanda hii tumeuona moto; soko la Mwanjelwa jijini Mbeya liliteketea mwaka 2006. Makanisa mengi yanasimama juu ya vilima vyenye radi kali na kuzungukwa na nyasi ambazo kuanzia Agosti huwa zimekauka, wakati ambapo wakulima wanachoma mashamba. Nyaya za umeme ziliongezwa juu ya nyaya na watu wa kujitolea, kila ilipokuja feni au kipaza sauti kipya. Na hatari kubwa zaidi, kama Paris ilivyoonyesha, iko katika siku za matengenezo yenyewe, fundi wa kuchomelea anapofanya kazi karibu na mbao kavu kisha akashuka kwenda kula. Abaki mtu darini saa kadhaa baada ya kila kazi ya kuchomelea. Kila mlinzi na mzee wa kanisa aijue namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na aijue njia ya kupanda darini gizani. Kwa kuwa gari la zimamoto litatoka mjini, na misheni nyingi ziko mbali na barabara ya lami, tangi la maji lililojaa karibu na kanisa litakuwa na kazi kubwa katika nusu saa ile ya kwanza ambayo Paris waliipoteza.

Mhariri, naomba gazeti lako lifanye jambo moja ambalo barua ya mstaafu haiwezi. Waulizeni maaskofu na viongozi wa Kanisa Katoliki, wa KKKT, wa Moravian na wa Anglikana, kuanzia Iringa na Njombe hadi Mbeya na Songwe, ni makanisa mangapi yaliyojengwa kabla ya Uhuru ambayo bado yanasimama katika maeneo yao, na ni mangapi kati ya hayo yenye mchoro wa paa uliohifadhiwa mahali fulani. Chapisheni majibu yao, jimbo kwa jimbo na dayosisi kwa dayosisi. Ikiwa kuna parokia au usharika wowote wa jirani utakaotaka kuanza kupima kabla ya kiangazi kijacho, mimi na mafundi wenzangu wastaafu tuko tayari kuja na futi zetu bila malipo, mradi tupatiwe ngazi na mtu wa kuishika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa useremala,
Iringa